Mawe Yanayoshuka Kunywa Maji

Jumatatu, 3 Juni

Wiki ya mwisho katika nyumba ya wasanii hapa Ilemela. Nimeamka, nimetazama ziwa hadi chai ikapoa. Ukungu umelala juu ya maji, mawe yamechomoza humo kama vichwa vya watu wanaooga. Nilisahau hata jina langu. Riwaya: bado ukurasa wa kwanza. Lakini ni ukurasa mzito! Mhusika wangu, Profesa wa Kihaya, yuko dirishani Ulaya, anatafakari.

Jumamosi kila mmoja ataonyesha kazi yake mbele ya wageni. Mama Dorcas, mwenye nyumba, atamchagua mmoja abaki hadi Desemba. Lazima niwe mimi. Nikikosa narudi Nyakato kwa dada, na shemeji keshaniwekea nafasi ya ukarani kwenye kiwanda chake cha magodoro. Mimi! Magodoro!

Kikwazo ni Shigela, mshairi. Mwizi. Desturi ya nyumba hii, kabla ya chakula cha jioni tunapanda jiwe bapa lililo nyuma ya jiko, kila mtu anasimulia alichofanya siku hiyo. Jana nilitaja ukungu. Leo Shigela kasoma shairi lenye ukungu. Nani mwingine alimwambia kuna ukungu?

Jumanne, 4 Juni

Nimepata dawa yake. Riwaya yangu naificha moyoni. Pale jiweni nitasimulia upuuzi mtupu, Shigela auibe, Jumamosi aumbuke mbele ya wageni.

Nimefanya hivyo. Nilisema mawe yote ya Mwanza hushuka ziwani giza linapoingia, hunywa maji, kisha hurudi mlimani kabla jogoo hajawika. Jiwe moja, mgeni kutoka Bukoba, likanywa rubisi, pombe ya ndizi, badala ya maji, likasinzia ufukweni. Kulipokucha wenzake walikuwa wamesharudi, na nafasi yake mlimani imejengwa nyumba. Nilitunga huku natazama maji. Maneno yalikuja yenyewe, hata jasho sikutoka. Ndiyo maana najua ni upuuzi. Kazi ya kweli inauma.

Mama Dorcas alisahau kutuita mezani. Shigela kakaa mdomo wazi. Kanasa!

Alhamisi, 6 Juni

Shigela kanifuata wakati wa chai, akauliza lile jiwe lilifanya nini baada ya kukosa pa kurudi. Uchu wa mwizi. Nikamwongezea: jiwe likaanza kutafuta chumba cha kupanga. Likazunguka Ilemela nzima, kila mwenye nyumba analiuliza kama lina watoto na kama linalipa kwa wakati. Alicheka mpaka akamwaga chai. Halafu akasema mama yake alihangaika hivyohivyo walipohamia mjini. Machozi yakamlenga. Mnafiki mkubwa huyu.

Kemilembe, mchoraji, naye hakula mchana. Kajifungia, anachora tu. Ni binti wa kwetu Kagera, ananiita kaka, kwa hiyo simwogopi.

Profesa bado yuko dirishani. Nimemwongezea mvua.

Jumamosi, 8 Juni

Siku yenyewe. Wageni walijaa barazani, wengine wakakaa kwenye mawe ya chini, miguu majini. Shigela kasoma mashairi kuhusu ng'ombe wa baba yake. Ng'ombe! Hata jiwe moja hamna.

Kisha Kemilembe akafunua picha yake. Mawe yanashuka mlimani, makubwa, taratibu, na ziwa limetulia likiyasubiri. Chini kaandika kwamba hadithi ni ya kaka Rwekaza. Watu wakaisogelea. Mimi mwenyewe nilitamani kuingia mle nikalale. Wageni wakaomba niwasimulie.

Nikawaambia ule ulikuwa mzaha tu, nikawasomea Profesa. Mzee mmoja wa mstari wa mbele alikoroma. Nilipomaliza Mama Dorcas akanivuta pembeni. Nikampa shikamoo ya pili kwa kuchanganyikiwa. Akaitikia, akasema, "Rwekaza, andika ile ya mawe. Niletee kesho jioni, hata kama haijakamilika. Chumba nakuwekea."

Jumapili, 9 Juni

Nimekaa kuandika. Ziwa lilikuwa jeupe, halina mwisho, na lile jiwe likaja lenyewe, mkononi sikusikia uzito wowote. Nusu ukurasa bila kufuta neno! Nilikuwa na furaha hata nikaogopa.

Halafu nikawaona Mama Dorcas na Shigela wanacheka mlangoni pa jiko. Hapo nikaelewa. Wamepanga kuniumbua! Mtu mzima, mwenye shahada yake, ajitokeze mjini na kitabu cha mawe walevi? Nikaichanachana karatasi. Nikaenda moja kwa moja kwa Kemilembe, nikamwambia hadithi ni yake, aichukue yote, na jina langu alifute. Aliniuliza kama nina homa.

"Kaka, hii hadithi ni nzuri," akasema. "Utaililia."

Nikacheka kwa dharau. Jioni nikamkabidhi Mama Dorcas Profesa, na mvua yake yote. Alisoma akiwa amesimama. Akanirudishia karatasi polepole kama mtu anayerudisha mtoto aliyelala. Chumba kampa Kemilembe. Atabaki hadi Desemba atengeneze kitabu cha mawe, na Shigela atakuwa akija kumsaidia maneno.

Nilikwenda ufukweni nikalia. Nililia kweli. Maji yalikuwa mazuri vilevile, na hilo ndilo liliniumiza zaidi.

Jumatano, 12 Juni

Nyakato. Kiwandani. Dirisha langu linatazama ukuta. Nyuma yangu sponji zimepangwa hadi darini, nyeupe, laini, zinameza kelele zote za mashine. Nakaa humo kama niko usingizini. Shemeji kapita akaniuliza kama nimezoea. Nikamwambia nipo kwa muda tu.

Jambo moja limenishtua. Ngosha, karani mwenzangu, ananitazama sana ninapoandika. Mwizi wa mawazo, nawajua kwa macho. Basi mchana nimemlisha upuuzi. Nimemwambia kuna godoro moja kuukuu limeokota ndoto za kila mtu aliyelilalia, sasa lenyewe halipati usingizi, linatembea Nyakato mtaa hadi mtaa likitafuta wenye ndoto hizo liwarudishie. Ngosha kaacha ugali ukapoa. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama limeshafika kwao.

Amenasa! Riwaya yangu hataigusa.