Shati Lisilotishwa na Sabuni

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Shati la Baba limekufa leo asubuhi, wakati wa chai. Nililinunua juzijuzi tu! Kola imebaki shingoni, mwili wa shati umeteremka. Kifungo cha juu kimetumbukia kikombeni, Baba akakinywa pamoja na chai. Bahati nzuri akakitema. Akakitazama vizuri pale mezani, akachomoa kadi ya njano, akaninyooshea.

Nieleze, maana shajara hii ikiokotwa na mtu asije akadhani nyumba yetu ina wazimu. Baba alikuwa refa. Amestaafu zamani, lakini kipenga hakijatoka shingoni wala kadi hazijatoka mfuko wa kifuani. Akitaka maji, kipenga. Nikichelewa, kadi. Siku hizi mikono yake inatetemeka, na chai, uji na mchuzi vyote hupitia kifuani kabla ya kufika tumboni. Kulishwa hataki. Kwa hiyo tunafua. Asubuhi tunafua, jioni tunafua. Na mashati ya siku hizi hayana uvumilivu! Moja limepauka, jingine limesinyaa mpaka kitovu kinachungulia, jingine mfuko umeng'oka na kadi zake.

Hayo yote ningeyameza. Lakini Dada amepiga simu. Anakuja Jumapili. Kasema bila kuficha: akimkuta Baba na matambara tena, anaondoka naye, akakae kwake moja kwa moja. Kwake kuna mashine ya kufulia, kuna msichana wa kazi, kuna chumba chenye pazia jipya. Mimi nina beseni.

Baba aondoke? Asubuhi nitaamshwa na nani? Hapana. Haondoki mtu hapa.

Mke wangu akashauri twende wote sokoni Jumamosi, yeye achague mashati ya pamba nzito kwa mkono wake. Nikamwambia aniachie mimi. Mimi ni fundi makochi. Vitambaa ndiyo kazi yangu. Akachukua beseni, akaenda kufua. Wivu, nadhani.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimetoka karakana mapema, nikaenda sokoni na mbinu ya kisayansi. Kuvuta! Unakanyaga mkono mmoja wa shati, unaushika wa pili, unavuta kwa nguvu zako zote. Shati zima linabaki zima. Shati bovu linajisema lenyewe.

Muuza nguo ni yule wanayemwita Ofa, kwa sababu kila kitu kwake ni ofa. Shati la kwanza likajisema. La pili likajisema kwa sauti, watu wakageuka. Ofa akaniuliza, mjomba, unatafuta shati la kuvaa au la kuvutia gari bovu? Nikamwambia atulie, anashuhudia utaalamu. Akasema utaalamu ni mzuri, ila hayo yaliyochanika ni yangu, nitafute pa kuyaweka.

La tatu likagoma! Bluu iliyoiva, linang'aa. Nimevuta mpaka kiuno kikalia. Hata uzi mmoja haukutoka. Nikarudi nyumbani kifua mbele. Nilikuwa nimebeba pia kitambaa cheupe chenye majimaji, cha kusugulia nguo kuona kama inatoa rangi. Lakini jasho lilinizidi, nikajifutia uso. Si kitu. Shati lenyewe ni gumu, rangi itakwenda wapi?

Jumatano, tarehe 5 Machi

Rangi imekwenda kwenye fulana ya Baba. Imekwenda kwenye shuka, kwenye taulo, na kwenye Baba mwenyewe. Kifua chote bluu, mpaka zile mvi. Shati lenyewe limebaki na rangi ya maji ya kuoshea vyombo.

Baba akajitazama kwenye kioo, akaniuliza nimemsajili timu gani. Refa hana timu! Amechezesha miaka yote hiyo bila kuvaa rangi ya mtu, leo mwanawe wa kumzaa anamtia aibu uzeeni. Kadi ya njano ya pili. Kwa sheria zake mbili ni nyekundu, kwa hiyo nimetolewa nje. Chai nimenywea ngazini.

Mke wangu amemsugua kifua kwa sabuni na limau huku akijikaza asicheke. Hakufaulu.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Siku mbaya. Siandiki mengi.

Mke wangu, kwa nia njema kabisa, amemshonea Baba kile kitambaa cha kifuani wanachovishwa watoto wakila. Kizuri, chenye upindo. Alisema kitaokoa mashati. Kweli, kingeokoa. Kwa Dada, Baba akienda kutembea, wanamvisha cha plastiki, nimekiona kwa macho yangu, na msichana wa kazi anampelekea kijiko mdomoni huku anatazama luninga.

Baba hakukataa. Hakupuliza kipenga. Alikaa nacho shingoni ametazama ukuta, chai ikapoa mbele yake mpaka ikafunga utando. Hakuigusa. Sijawahi kumwona mzee wangu akiwa mdogo vile. Roho iliniuma, sifichi. Nikamvua kile kitambaa, nikakitupa juu ya paa la choo. Nikasema kwa sauti kwamba katika nyumba hii mtu mzima anakunywa chai yake mwenyewe, ikimwagika imwagike, sabuni ipo. Mke wangu akanitazama, akasema sawa. Kisha akaenda kupasha chai moto.

Lakini sasa Jumapili hiyo hapo. Na Baba ana shati moja, la bluu iliyokufa.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nimepata! Nimepata! Nilikuwa nalitafuta sokoni, kumbe ninalikalia kila siku!

Karakana wameleta kochi la familia yenye watoto wengi. Limerukiwa, limemwagiwa maziwa, limechorwa kwa kalamu, mbwa kalilalia. Foronya zake zimefuliwa mwaka hadi mwaka. Nikalipiga brashi, na kitambaa kikatokea kama kimetoka dukani. Nikaketi chini. Nimefanya kazi hii tangu sijaota ndevu, na sikuwahi kujiuliza: kwa nini kochi livae vizuri kuliko baba yangu?

Pale karakana kipo kipande kilichobaki nilipotengeneza makochi yetu ya nyumbani. Majani makubwa ya kahawia, maua ya manjano. Imara! Nikakata shati saa ya mapumziko. Cherehani ililia kama inazaa. Kola nimeishona kwa mkono, kwa sindano iliyopinda na uzi wa makochi. Mabegani nimeweka sponji kidogo kwa ajili ya umbo. Vifungo ni vile vya kudidimiza migongo ya makochi, nimevivalisha kitambaa hichohicho. Na mfuko! Mfuko wa kadi ambao hata kiboko hawezi kuung'oa.

Bosi akaniuliza ni nini kile. Nikamwambia ni foronya ya kiti kidogo chenye mikono. Akasema kiti hicho kina shingo. Nikamwambia wateja wa siku hizi wana mambo.

Jioni nimelifua. Nimelisugua, nimelipiga kwa ubao, nimelikamua mpaka viganja vimechubuka. Limetoka kama lilivyoingia! Nimelianika, kamba ikakatika.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Bado halijakauka. Nimelisimamisha juani uani, na limesimama lenyewe, bila mtu ndani. Jirani amepita akalisalimia.

Alasiri Baba akalijaribu. Mikono haishuki. Imebaki pembeni, kama anayeashiria mpira wa kurusha pande zote mbili. Akasema ni zito. Nikamwambia ubora una uzito wake. Akasema linawasha. Nikamwambia atalizoea. Kisha akanywa chai, nusu ikamwagika, na chai ikateleza juu ya maua mpaka sakafuni! Haikunywewa na kitambaa hata tone! Nikapiga makofi peke yangu.

Mke wangu yeye kaenda sokoni kwake huko, karudi na mashati mawili ya pamba, ya mtumba. Ya kawaida mno. Hakuvuta wala hakukanyaga. Aliyageuza ndani nje, akatazama mishono kama imepigwa mara mbili, akaisugua kwa kitambaa cheupe chenye maji, akanunua. Ameyafua kwa maji baridi yakiwa yamegeuzwa, akayaanika kivulini. Nikamwambia si mabaya, yanafaa kwa watu wa kawaida. Akacheka mpaka akashika mlango.

Kesho Dada ataona.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Dada hakuona. Hilo ndilo lililokuwa tatizo.

Asubuhi nilimvisha Baba, nikampaka mafuta, nikamkalisha kwenye kochi refu la sebuleni. Alipendeza! Nikaenda jikoni kusimamia chai. Mlango ukabishwa, Dada akaingia mwenyewe kutoka kwenye jua kali, kwenye sebule yetu yenye dirisha dogo. Baba alikuwa anasinzia, kidevu kimezama ndani ya kola. Shati ni majani ya kahawia na maua ya manjano. Kochi ni majani ya kahawia na maua ya manjano.

Nilimsikia akiita, Baba yuko wapi? Jamani, mzee wa watu mmempeleka wapi na jua hili? Akaendelea peke yake, kwa uchungu, kwamba leo haondoki bila Baba, chumba ameshatandika, vitambaa vya kifuani amenunua vipya. Huku anasema akaweka mkoba wake kochini. Ule mkoba ambao una kila kitu isipokuwa jiko.

Halafu akakaa.

Kipenga! Sijasikia kipenga kile tangu Baba astaafu. Dada akaruka, meza ikaruka, mimi nikaja mbio na birika. Kochi likanyanyua mkono, likatoa kadi nyekundu.

Mke wangu aliegemea ukuta akashuka taratibu mpaka chini. Mimi mwenyewe nilianza kucheka. Kisha nikamwona Dada. Alikuwa analia. Akaniambia, mdogo wangu, umemgeuza baba yetu kochi. Watoto wake tupo wawili na shati la mtu hana.

Nimekaa na birika mkononi, nikaona kwamba ana haki, na kwamba Baba anaondoka. Nguo zake chache zile, Dada angezikunja mara moja.

Baba akaomba chai. Nikammiminia. Akashika kikombe kwa mikono miwili, kikaanza ngoma yake. Dada akainama kumsaidia kukishika. Baba akasema aache. Kikombe kikapanda polepole, kikamwaga huku na huku, kikafika. Akanywa. Akakirudisha mezani, akamwambia Dada bila hasira kwamba anajua kwake ni kusafi na mashati yanapigwa pasi. Lakini kule anakunywa chai mtu akipata nafasi ya kumshikia kikombe. Hapa anamwaga, na wanafua, na hakuna aliyewahi kumwambia pole. Atakaa anapomwaga.

Dada akakaa kando yake, safari hii akitazama kwanza anapokaa, akamlalia begani kwenye ile sponji. Akalia tena, kilio kingine. Mimi nilitoka uani kunawa uso. Nilinawa muda mrefu.

Niliporudi, mke wangu alikuwa ameshambadilisha. Shati la pamba, jeupe lenye mistari. Mikono imeshuka. Dada akalishika shika kitambaa, akamwuliza wifi yake amelipata wapi.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Baba amebaki! Asubuhi kipenga kama kawaida, nimeruka kitandani kwa furaha nikajigonga dole gumba.

Nimeyafikiria mambo ya jana kwa utulivu, na yote yako wazi. Ni lile shati. Hebu fikiria angekuwa na shati la kawaida: chai ingemchoma, angepiga kelele, Dada angembeba pale pale. Lakini chai iliteleza, mzee akawa mtulivu, akaweza kuzungumza. Shati langu ndilo lililomweka Baba nyumbani. Nimemweleza mke wangu. Alikuwa na pini za kuanikia mdomoni. Alinitazama mpaka nikamaliza, akaanika shati la mistari kivulini, akaondoka. Shati lake hilo bado zuri, sikatai. Bahati tu.

Kasoro ya langu ni moja: linachelewa kukauka. Na hapo ndipo Mungu alipoingilia kati. Leo karakana wameshusha viti vya basi, na rexini mpya ya kuvivalisha. Ile ngozi ya plastiki, nyekundu, inang'aa. Haihitaji hata kufuliwa! Unapitisha kitambaa, umemaliza. Maji hayaingii, chai haiingii, hewa haiingii.

Nimempima Baba akiwa amesinzia, shingo mpaka kisigino. Suti nzima, na suruali yake. Nimepiga hesabu ya kitambaa mara mbili, na kumbe kinabaki cha kutosha gauni la Dada.