Kamera ya Garsen Haikosei

Ninayo heshima kuutangazia umma wa Tana River, kuanzia Bangale hadi Kau, kwamba Kitengo cha Macho ya Barabara, ambacho mimi ndiye Mratibu wake Mkuu, kimeshinda vita dhidi ya simu kwenye usukani. Tumeweka kamera njia panda ya Garsen. Ikiona kitu karibu na shavu la dereva, inapiga picha. Picha tatu, leseni inachukuliwa. Rufaa hakuna, kwa sababu kifungu cha tisa, nilichokitunga mwenyewe, kinasema kamera haikosei.

Wa kwanza kufikisha tatu alikuwa Halkano, anayewabebea akina mama wachuuzi maziwa ya ng'ombe hadi sokoni kwa pikapu kila asubuhi. Alikuja ofisini, kijiti mdomoni, akiwa na Mama Dado, muuza maziwa.

"Mkubwa, hii mswaki," akasema, akausugua kwenye jino nione. "Sisi asubuhi tunapiga mswaki njiani. Simu iko wapi hapa?"

"Kifungu cha tisa," nikamjibu kwa upole.

Mama Dado akatua dumu la maziwa juu ya faili zangu. "Nusa, bosi. Hii gari ikilala, maziwa yote inaharibika. Watoto yangu watakula nini? Kifungu?"

Swali hilo halikuwa na nafasi kwenye fomu. Niliichukua leseni.

Jumatatu Asmaa, karani wa kamera, akaniletea bahasha. Ndani nilikuwamo mimi, mara tatu, kwenye gari la kitengo, mkono shavuni. Nilikuwa nikiwaarifu makao makuu kwamba Garsen hakuna tena anayepiga simu akiendesha. Kazi ni kazi.

"Leseni, bosi," akasema.

Nilitafakari kitaalamu. "Asmaa, huo ni mswaki."

"Mpana hivi?"

"Wa kisasa."

"Kwa hiyo kamera hukosea?"

Nikaifunga bahasha. "Ina mtazamo wake. Andika waraka: dereva mwenye mswaki arudishiwe leseni."

Akaandika. Nikatia sahihi bila kusoma, kama ilivyo desturi ya ofisi. Halkano alikuwa tayari mlangoni na Mama Dado. Sikuwa na taarifa kwamba mama huyo ni shangazi yake Asmaa.

Asmaa akausoma waraka kwa sauti: "Dereva mwenye mswaki arudishiwe leseni, mradi asugue meno nao mbele ya karani."

Halkano akasugua, akapewa leseni yake. Kisha wote watatu wakanigeukia mimi na simu yangu.

Nilijaribu. Niliona aibu sana, na kioo cha simu kina ladha mbaya.

Siku hizi naenda kazini nyuma ya pikapu, katikati ya madumu. Tukifika njia panda Halkano husugua meno taratibu na kuipungia kamera mkono. Jana simu yangu ililia pale pale, makao makuu. Nikaificha haraka chini ya koti.

"Pokea tu, mkubwa," akasema Mama Dado. "Wewe sasa ni abiria."