Vikao Visivyofungwa

Jumatatu, 15 Septemba
Mzee Mwishehe, bosi wetu, katangaza: anatafuta mkuu wa kompyuta. Ni mimi au Faudhia, mwenzangu wa ofisini. Ni mimi! Nani mwingine kaandika programu inayowaingiza makarani wa maghala ya Kwala kwenye seva yetu, kompyuta kuu iliyoko ofisi ya Kisarawe? Karani akiingia, anafunguliwa kikao. Ndani ya kikao anafungua njia: moja ya amri, nyingine ya kutuma mafaili. Faudhia kanishauri kwamba mtu akiondoka nifunge njia zake, kisha kikao chake. Nikamjibu nalijua hilo. Nalijua. Sijaliandika tu.

Jumanne, 16 Septemba
Mbinu! Vikao viachwe wazi. Kwenye skrini ya Mzee idadi ya watumiaji inapanda tu. Kafurahi mno, kaniita kijana wa maana. Faudhia kauliza makarani wamezidije wafanyakazi wote wa Kwala, walinzi na mama lishe wakiwemo. Wivu.

Jumatano, 17 Septemba
Janga. Nimeaga naumwa, nipo nyumbani Pangani. Seva imejaa vikao vya watu walioondoka zamani. Wenye kazi hawaingii. Biasha, karani wa Kwala, kapiga simu karibu kulia: malori hayatoki, madereva wamemzunguka mezani, mmoja kavua shati. Nikamwambia ni matengenezo ya kawaida.

Nikaingia seva kwa kikao changu cha jana, nikatoa amri ya kufunga vikao vyote. Cha kwanza kufungwa kikawa changu! Amri ilikuwa inapita humo humo. Ikafa nacho. Vingine vyote vipo. Kujaribu kurudi, nafasi yangu kaichukua karani mmoja. Nimekaa sakafuni. Sijala.

Alhamisi, 18 Septemba
Kisarawe, na mvua. Ufunguo wa chumba cha seva anao Faudhia. Hakucheka. Bora angecheka.

“Kaka Amon, mtu akiondoka, nani anafunga?” kaniuliza taratibu.

Nikasema nilikuwa mbioni kuliandika. Akakaa, akavifunga vikao vilivyokufa kimoja kimoja, akaandika kile kipande nilichokikwepa. Malori yakaanza kutoka. Akaenda kuswali.

Mzee akaingia. Nikampa shikamoo ndefu. Akaitikia marahaba fupi, akauliza nani katengeneza. Nikasema tumeshirikiana. Akanitazama mpaka nikatazama viatu vyangu. Kumbe Biasha alishampigia kuulizia yale “matengenezo” yangu.

Mkuu wa kompyuta: Faudhia. Nimelia chooni, bomba likiwa wazi watu wasinisikie.

Ijumaa, 19 Septemba
Faudhia kaniita. Hakunisema hata kidogo. Kaniambia mimi ni mwandishi mzuri wa programu nikitulia, kaniachia seva niitunze mwenyewe. Nilitamani anifokee. Nimerudi mezani moyo umevunjika kabisa.

Lakini nimewaza. Kosa langu lilikuwa moja tu: kikao changu kilifungika kama cha mtu yeyote! Nimeongeza mstari: kikao cha Amon hakifungwi kamwe. Nikafungua cha akiba. Na cha akiba ya akiba. Sasa kila kompyuta ninayoikalia inanifungulia vingine yenyewe, tangu asubuhi. Faudhia hajui.

Biasha kapiga simu, anasema mashine ya Kwala inasuasua. Nimemjibu ni mtandao wa huko kwao.