Jiwe Langu na Kovu la Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Picha imetoka. Nina jiwe kwenye kibofu! Sentimita mbili, kasema daktari. Wapwa zangu nimewaambia yai la bata. Daktari, binti mdogo tu, akauliza kama huwa nabana mkojo. Nabana, ndiyo! Nikiinuka kwenda chooni katikati ya hadithi, shemeji, mume wa dada yangu, anadandia na kufunua tumbo aonyeshe kovu lake la ngiri. Miaka sita, kovu lile lile! Sasa basi. Nitapasuliwa kutoka kitovuni kwenda chini. Kovu langu litalimeza lake.

Jumatano, 5 Machi
Balaa! Daktari hapasui. Atapitisha bomba jembamba lenye kamera kwenye njia ya mkojo, alivunje jiwe kwa leza. Nikauliza kovu litakaa wapi. Halitakuwepo, mjomba, akajibu. Nikamsihi akate kidogo, hata vidole vinne. Nesi akasema wenzangu hulia wasikatwe, mimi nakililia kisu. Basi nipewe jiwe zima! Wakacheka wote wawili.

Alhamisi, 6 Machi
Sindano ya mgongo, miguu ikaniaga. Kwenye skrini nimeliona jiwe langu likipukutika. Uchungu wa kufiwa! Nimekabidhiwa kichupa cha chenga kama chumvi. Nani atasimulia chumvi?

Ijumaa, 7 Machi
Ruhusa. Maagizo: maji mengi, nisibane mkojo kamwe. Sawa, sawa. Karibu na geti la hospitali nikainama kufunga kiatu, nikainuka na jiwe mfukoni. Yai kabisa! Lina doa la buluu ubavuni. Nimelitia kwenye chupa ya jemu. Chenga nimezimwaga.

Jumapili, 9 Machi
Sebuleni, wapwa macho kodo. Nikawaeleza leza tatu zilivyoungua, na lile doa ni alama ya moto wake. Shemeji akafungua chupa, akaligeuza kiganjani. Yeye ni fundi mwashi. Akasema, "Shemeji, hii kokoto nimeimwaga mwenyewe mwezi jana, pale getini hospitalini. Na hii ni rangi ya geti." Nikamwuliza, kwani anadhani mawe ya wagonjwa hutupwa wapi? Mpwa mmoja kaanguka kitini kwa kicheko. Dada kajifuta machozi. Shemeji, taratibu, akafunua tumbo.

Jumatatu, 10 Machi
Mke wangu kaniwekea jagi la maji. Nimemwagia maua. Tangu asubuhi sijakanyaga chooni. Lile lilivunjika kwa sababu lilikuwa changa. Hili la pili nalilea mwenyewe, mpaka watafute kisu.