Beti Tisini na Sita za Karani wa Parokia

Juni 3, Jumatatu

Siku njema. Paroko kaniita kabla sijamaliza chai. Parokia itatoa jarida la maandishi na michoro ya vijana, na mimi, karani wake kwa miaka kumi na tisa sasa, ndiye nitakayekusanya kazi. Hatimaye! Utenzi wangu, beti tisini na sita juu ya maisha ya karani mwaminifu, umelala droo ya chini tangu niajiriwe. Nikamgusia. Akasema mwisho ni umri wa miaka ishirini na mitano. Nikamwambia moyo wangu bado kijana. Akasema anaamini, ila aliyeniajiri alisoma cheti changu cha kuzaliwa. Utangulizi ataandika katekista. Katekista! Mtu anayesoma matangazo kama anasomewa hukumu.

Juni 4, Jumanne

Seremala kaleta kisanduku cha kazi za vijana. Kimewekwa mlangoni mwa kanisa, kando ya kile cha maombi ya waumini, ambayo katekista huyasoma kwenye misa ya Jumapili. Nimepiga hesabu. Kazi zikiwa chache, kurasa zitabaki tupu, na Paroko atatafuta kitu kirefu kilicho tayari. Baada ya chakula cha mchana nimekihamishia kisanduku cha vijana stoo, nyuma ya mafagio. Sijakificha. Nimekihifadhi.

Juni 6, Alhamisi

Mpwa wangu, binti wa dada yangu tunayeishi naye, kaniletea karatasi iliyokunjwa mara nne. Ana miaka kumi na sita na haongei mpaka aulizwe mara mbili. Kaniuliza kama inafaa kwa jarida. Ni shairi, akasema, juu ya bibi yake, yaani mama yangu. Hata sikulifungua. Nikamwambia shairi la maana halipungui beti hamsini, ajaribu mwakani. Akasema sawa, Mjomba. Mke wangu alisikia. Kanipakulia chakula bila kunitazama.

Juni 8, Jumamosi

Nimekirudisha kisanduku na kukifungua mbele ya Paroko. Ndani kitu kimoja: utenzi wangu, nimeusaini "Kijana Mtumishi". Paroko akautambua mwandiko unaomjazia vyeti vya ubatizo. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema kumbe vijana wake hawana la kusema, na kesho mwisho wa misa atatangaza kwamba jarida limefutwa. Kufutwa! Hesabu hiyo sikuipiga.

Juni 9, Jumapili

Katekista alisimama na bunda nene la maombi. La kwanza, wagonjwa. La pili akasoma kwa sauti ileile: "Bibi husahau amefika punje ya ngapi ya rozari." Waumini wakaitikia, twakuomba utusikie. "Huanza upya, asinung'unike." Twakuomba utusikie. "Kwa hiyo nyumbani kwetu sote huombewa mara mbili." Hapo walichelewa kuitikia.

Kumbe vijana, mpwa wangu akiwa mmoja wao, hawakukiona kisanduku chao, wakatumbukiza kazi zao katika kile kilichobaki. Katekista akianza haachi. Alisoma mashairi saba na hadithi ya golikipa. Kazi ya tisa ilikuwa mchoro. Akauinua juu, kimya. Wakaitikia vilevile.

Mpwa wangu alijifunika uso kwa kitabu cha nyimbo. Mama yangu, benchi la mbele, alisema kwa sauti kwamba ni kweli, husahau. Niliona aibu, na niliona fahari kuliko aibu. Machozi yalinitoka. Nimesingizia uvumba.

Paroko katangaza kwamba jarida lipo, na shairi la mpwa wangu litakaa ukurasa wa kwanza. Vijana walipomweleza kwamba kisanduku chao hakikuwepo mlangoni, akasema aliyekihamisha ametumwa na Roho Mtakatifu. Watu wote wakamgeukia katekista. Naye akainamisha kichwa kwa unyenyekevu!

Juni 10, Jumatatu

Nimemwomba mpwa wangu radhi na kumpa kalamu yangu nzuri. Kashukuru, kaomba kuusoma utenzi wangu. Kafika ubeti wa tatu, kaniuliza kwa upole kama naweza kuupunguza. Mtoto bado, atajifunza.

Nimejichunguza kwa dhati na kosa langu nimeliona. Nilitumia kisanduku kisichofaa. Kwenye kile cha maombi hakuna anayeuliza umri, na katekista akianza haachi. Asubuhi hii nimetumbukiza utenzi wote, nimeusukuma kwa rula ukaingia. Jumapili kanisa zima litaniitikia mara tisini na sita.