Cheti cha Ulaini

Kuanzia Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi, mkate wa Mamlaka ulikuwa laini. Tangazo lilibandikwa ukutani dukani, likiwa na mhuri wa bluu na saini mbili, na chini yake maneno ya wino mwekundu: MLAJI ASIBONYEZE. AAMINI.

Mama Dirisha alilisoma mara mbili, kisha akalipangusa unga pembeni, maana tangazo ni tangazo, lina heshima yake. Jina hilo alilipata kwa kuuza mkate kwenye dirisha lile miaka kumi na tisa. Akamgeukia Mkurugenzi wa Mtazamo wa Mlaji, aliyekuja mwenyewe kusimamia ubandikaji.

"Mheshimiwa, kwani mkate umebadilika?"

"Mkate haujabadilika, mama. Kilichobadilika ni msimamo wetu kuhusu mkate." Akakohoa kidogo, kama mtu anayeanza hotuba. "Tumefanya utafiti miezi sita. Mlaji hanunui mkate. Ananunua anachodhani kuhusu mkate. Na kabla hajauonja, ameshadhani."

"Anadhani kwa kutumia nini?"

"Kidole gumba. Basi tumekiondoa kidole."

Mama Dirisha alitikisa kichwa polepole. Hilo la kidole lilikuwa kweli tupu. Yeye mwenyewe angeweza kuwaambia siku moja, wakapumzika miezi mitano na siku zilizobaki.

"Na watu wasiponunua?"

"Mtazamo usipopanda hadi Ijumaa, itajulikana kuwa kosa ni la mwokaji. Barua yake ya kuachishwa kazi iko tayari. Nitampa kwa mkono wangu, kama utaratibu unavyotaka."

Nyuma ya ukuta, Mzee Tanuri alisikia. Alikuwa ameoka pale miaka thelathini na mmoja, na hakuna asubuhi hata moja aliyosahau kumwekea Mama Dirisha kipande cha moto cha kunywea chai, na siku hizi kingine cha karani wa duka. Aliendelea kukanda unga, ila taratibu kidogo.

Mkate wa mzee ulitoka tanurini laini kama shavu la mtoto mchanga. Kutoka hapo, tangu wiki iliyopita, ulipelekwa chumba cha Cheti cha Ulaini, kungoja saini ya Mkurugenzi, kwa kuwa ndiye pekee aliyesomea ulaini. Siku ya tatu ulitoka na cheti. Ulaini ulibaki kwenye cheti.

Karani aliwekwa kando ya dirisha, na daftari, kuandika wabonyezaji. Alikuwa binti mwenye adabu na mwandiko mzuri. Aliyebonyeza alipelekwa Darasa la Mtazamo, siku tatu, kukaa mbele ya mkate na kuuangalia vizuri. Wa kwanza alikuwa fundi viatu.

"Mimi nimeugusa tu!" alilalamika.

"Umeugusa ukazama au haukuzama?" karani akauliza, kalamu juu.

"Uzame wapi, binti yangu? Soli zangu zinazama kuliko huu."

Karani akaandika: *Hakuamini.*

Kufikia Jumanne jioni mambo yalikuwa yameharibika. Watu walisimama mbali, mikono mifukoni, wakanong'ona. "Mkate gani huu unaogopa kidole?" mama mmoja akasema, na neno lile likazunguka mtaa mzima kabla hajafika kwake. Wachache waliokuwa wakinunua nao wakaacha.

Mkurugenzi hakutetereka. Jumatano alileta Mkate wa Mfano. Huu ulifungwa kwa kamba kwenye meza ya dirisha, ili wananchi waubonyeze bure, vidole vitulie, kisha wanunue ule mwingine kwa amani. Kwa kuwa hauuzwi, haukuhitaji cheti. Ulitoka tanurini moja kwa moja, kila asubuhi mpya.

Foleni ikafika kwenye nguzo ya taa. Watu walibonyeza, wakanusa, wakafumba macho, wakashukuru, wakaenda zao.

"Huu ndio tunaoutaka," walisema.

"Huo hauuzwi," Mama Dirisha aliwajibu, na kila mara moyo ulimuuma.

Jioni alimfuata Mkurugenzi. "Mheshimiwa, ni unga mmoja, tanuri moja, mzee mmoja. Tofauti ni siku tatu tu."

"Mama yangu, siku tatu ni utaratibu. Utaratibu hauwezi kuwa mgumu."

Ijumaa alikuja na mpiga picha. Barua ya Mzee Tanuri ilichungulia mfukoni mwa koti. Mpango ulikuwa hivi: Mkurugenzi atanunua mkate hadharani, apigwe picha, ionekane wazi kwamba mtazamo ukiwa sawa hakuna tatizo, kisha mwokaji apewe barua yake, kwa kuwa mtazamo wa wengine haukuwa sawa. Fundi viatu naye alikuwepo, amerudi kutoka darasani asubuhi ileile.

"Vipi, umeelimika?" Mama Dirisha akamuuliza.

"Nimeelimika sana, dada. Macho sasa yanaona laini. Ila meno hayajahitimu."

Siku zote Mama Dirisha huchukua mkate mwenyewe na kumkabidhi mteja. Siku ile alipanga mitano mezani, yote kwenye karatasi ileile. Minne ilikuwa na cheti. Wa tano ulikuwa ule wa mfano. Kamba yake alikuwa ameifungua tangu alfajiri, akaifue, maana ilishikwa na watu wengi.

"Karibu, mheshimiwa," alisema kwa upole. "Wewe si mtu wa kuchaguliwa mkate. Chagua mwenyewe."

Mkurugenzi akatabasamu kwa kamera. Akanyoosha mkono. Na mkono, ambao haukuwahi kusoma tangazo, ukafanya kama ulivyozoea tangu utotoni. Gumba likagusa wa kwanza. Likagusa wa pili. Kwenye wa tatu uso ukakunjamana. Wa nne akausukuma pembeni. Wa tano ukazama. Mkurugenzi akauinua, akaunusa, akafumba macho, na kwa mara ya kwanza wiki ile akacheka kama mtu aliyefika nyumbani. Kamera ikalia: cha!

Ikasikika kalamu ya karani.

"Unaandika nini?" Mkurugenzi akauliza.

"Mara tano, mheshimiwa. Gumba la kulia."

"Mimi nilikuwa nakagua!"

"Kifungu cha tatu kinasema bila kujali cheo." Karani alimwonyesha, bila kumdhihaki. "Saini ni yako."

Fundi viatu akamshika bega. "Nenda tu, ndugu yangu. Chai ipo. Kaa nyuma, na usitafune kwa sauti."

Akaenda, na barua mfukoni, kwa kuwa ilitakiwa itolewe kwa mkono wake.

Jumamosi hapakuwa na wa kusaini. Karani akapekua kanuni, kidole mstari kwa mstari, huku kile kipande cha moto kikipoa kando ya chai yake, mpaka akafika kifungu cha kumi na nne: afisa akiwa masomoni, mkate utahesabika umepitishwa pale pale tanurini. Akanyanyuka, akagonga ukuta. "Mzee, pitisha!"

Mkate ukapita kutoka tanurini hadi dirishani ukiwa unatoa mvuke. Tangazo lilipata unyevu, likadondoka lenyewe. Kabla ya saa tatu mkate ulikuwa umeisha. Mzee Tanuri alioka mara ya pili, akilalamikia kiuno kwa furaha kubwa.

Makao makuu walisoma ripoti kwa makini. Takwimu hazikuwa na utata: kila siku ambayo Mkurugenzi yuko darasani, mtazamo wa mlaji unapanda. Wakampongeza kwa barua. Wakampandisha cheo kuwa Mwanafunzi wa Kudumu wa Mtazamo, na dawati lake mwenyewe.

Mama Dirisha humpelekea mkate mmoja kila asubuhi, ameufunga kwa kitambaa usipoe. Mtu hawezi kushinda anaangalia mkate mkavu siku nzima, hata kama kosa ni lake. Yeye huupokea kwa mikono miwili na kushukuru.

Kisha huubonyeza chini ya dawati, mwalimu asimwone.