Cheti cha Kushindwa

Kwa furaha kubwa na mihuri mitatu, Kitivo cha Biashara kilitangaza kwamba kuanzia muhula ule hakuna mwanafunzi wa ujasiriamali atakayehitimu bila kwanza kushindwa. Utafiti wa kina, lilisema tangazo, umebaini kuwa wajasiriamali wakubwa wote waliwahi kuanguka. Kwa hiyo kila mwanafunzi afungue biashara, ife kabla ya wiki ya kumi na mbili, kisha alete Cheti cha Kushindwa, nakala mbili.

Wengi walimaliza mapema. Mmoja aliuza kandambili za mguu wa kushoto tu, akapata A. Mwingine alifungua saluni ya wenye vipara. Akapata A na barua ya pongezi.

Aliyekwama ni binti waliyembandika jina la Pasi. Alikuwa akipiga nguo pasi chumbani kwake bwenini, kwa pasi aliyopewa na shangazi yake, na hadi wiki ya tisa biashara ilikuwa inanawiri bila haya.

Si kwamba hakujitahidi. Alipandisha bei maradufu. Wateja wakasema, "Hee, sasa hii ndiyo huduma ya hadhi," wakaleta na mashuka. Akawa anafungua saa sita mchana. Foleni ikashuka ngazi hadi uwanjani. Akaiunguza kola ya mwalimu wa takwimu. Mwalimu akamshukuru kwa mikono miwili, kwani lile shati alilichukia siku nyingi ila mama mkwe ndiye aliyelinunua.

Wiki ya kumi akaitwa na Mkuu wa Kitivo, profesa aliyefundisha kuuza kwa miaka kumi na tisa bila kuwahi kuuza hata njiti ya kiberiti.

"Binti yangu, wenzako wote wameanguka. Wewe peke yako umesimama. Hiyo ndiyo nidhamu?"

"Nisamehe, Profesa. Nimejaribu kila njia."

"Na bado wanakuja?"

"Wanakuja, Profesa. Jana wamekuja hadi wapishi." Machozi yakamlenga. "Shangazi ameshashona nguo ya mahafali. Nitamwambia nini?"

Profesa akalainika. "Usilie. Tatizo lako ni kukosa utaalamu. Tuachie sisi wakubwa."

Palepale akaunda Kamati ya Usimamizi wa Pasi, wajumbe tisa, mwenyekiti yeye mwenyewe. Siku ya kwanza walijadili maana ya kunyanzi. Siku ya pili kila shati likatakiwa kuwa na fomu, na kila suruali, kwa kuwa ina miguu miwili, fomu mbili. Siku ya tatu pasi ilifungiwa kabatini kwa usalama wake, na mjumbe mwenye ufunguo akasafiri kwenda kwenye warsha ya ufanisi. Siku ya nne wateja walibeba nguo zao zilivyo wakaondoka. Biashara ikakata roho.

Pasi aliposikia, alicheka hadi akakaa chini kwenye ukumbi wa ofisi. Cheti akapata. Siku ufunguo uliporudi akachukua na pasi yake, na kabla hajafika bwenini watu sita walikuwa wanamfuata na mafurushi.

Siku ya mahafali, Mkuu wa Chuo, mtu mwenye tabia mbaya ya kusoma ripoti hadi mwisho, alisimama jukwaani.

"Kuna mtu hapa," alisema, "ambaye jambo lililomshinda mwanafunzi kwa wiki kumi, yeye amelikamilisha kwa siku nne. Chuo hakiwezi kukifumbia macho kipaji kama hicho."

Akamwita Mkuu wa Kitivo apokee Tuzo ya Mshindwa Bora. Ukumbi ukalipuka. Profesa akapanda jukwaani akiwa amekauka kama kuni.

"Samahani, mheshimiwa," alinong'ona, kipaza sauti kikamnasa, "nimeshinda au nimeshindwa?"

"Vyote viwili, Profesa. Tabasamu, tunapigwa picha."

Mke wa Profesa alikuwa amechelewa, ameketi mbele ya Pasi. Akageuka.

"Eti mwanangu, mume wangu kashinda nini?"

"Kashinda kushindwa, mama."

Mama akawaza kidogo, kisha akaanza kupiga makofi kwa nguvu zote.

"Haki yake! Huyo hata nyumbani hufanya mazoezi kila siku."